Kilemba Nilichompungia Azan

Hajirat, karibu na Ibra
Mwezi wa Pili, 1994

Kwa dada yangu mpenzi Zayana binti Muhanna,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama Azan anakusalimu sana, na anasema papa mkavu uliyetuletea amekwisha, maana wageni wakishasikia kuna papa wa Sur hawaagi. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Uliniandikia kwamba Azan akianza chuo huko Sur atakaa kwako, na kwamba kijana wa miaka kumi na minane ambaye kwao ni ng'ambo ya wadi, hili bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, hawezi kwenda na kurudi bila gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ulisema kweli. Lakini nilipofika kwenye maneno hayo nikaikunja barua. Ndugu yetu Badar alipofariki wewe ulikuwa umekwisha kuolewa huko mbali. Hukumwona akitolewa matopeni ndani ya gari lake la juu. Mimi nilimwona. Tangu siku ile nina imani yangu ambayo watu huicheka: mwenye gari dogo akifika kwenye maji husimama, mwenye gari kubwa hubishana nayo.

Mimi na Azan tulikwenda Ibra kwa Harib, Bedui anayeuza magari yaliyotumika nyuma ya soko la mbuzi. Alitukalisha mkekani akatumiminia kahawa, wala hakutaka bei itajwe kabla vikombe havijatikiswa kuonyesha kwamba tumetosheka. Mimi nilikwisha kuona kigari kimoja cheupe, cha chini, nikaanza kukisifu. Harib alicheka mpaka akaweka dele la kahawa chini.

"Bwana Hilal," akasema, "kumpa mtu wa wadi gari hilo ni kumvisha mchunga mbuzi viatu vya harusi."

Azan hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amelala chali chini ya Landkruza, akigongagonga chasisi kwa spana. Gari la kwanza alilikataa kwa kutu ya chumvi. Unisamehe, Dada, lilitoka kwenu pwani, juu limepakwa rangi na chini limeoza kama jino. La pili vijana walikuwa wamelichezea mchangani mpaka gia zinaruka. La tatu lilikuwa la mwalimu mmoja, halikupata kubeba ila watoto na mikate. Akalichagua hilo. Hakuulizia taa za urembo wala ngao ya mbele. Nilijivunia utulivu wake, na kadiri nilivyojivunia ndivyo hofu ilivyozidi kunitafuna. Nikalipa, tukarudi nyumbani.

Wiki iliyopita mvua ilinyesha milimani na wadi ikashuka. Unawajua watu wetu. Maji yakija, kijiji kizima hutoka kwenda kuyatazama kama wanakwenda harusini, na wenye magari hupanga mstari ionekane nani atavuka kwanza. Atakayevuka atatajwa kwenye kila kikombe cha kahawa mpaka mvua nyingine. Badar alitaka kutajwa. Azan siku hiyo alikuwa ng'ambo ya pili, anarudi kutoka sokoni.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo hata mama yake sikumwambia. Tulipokwisha kulinunua gari, nilimdanganya Azan kwamba linakwenda kubadilishwa oili. Nikamwamuru fundi Kurian aifungue propela ya mbele, ule mtaimbo wa chini unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Nikaificha ghalani nyuma ya magunia ya tende. Azan angevuta gia ya nguvu akaamini magurudumu manne yanavuta, kumbe ni mawili tu. Niliwaza kwamba akikwama mchangani mara mbili tatu atalidharau gari lake, na akishalidharau hatathubutu kuliingiza majini. Kurian alinisihi.

"Mwambie kijana, mzee," alisema. "Asipojua, gari hili litamuua."

Nilimjibu kwamba nitamwambia. Sikumwambia.

Basi nimesimama ukingoni, naona taa za Landkruza zikiwaka ng'ambo. Likateremka polepole mpaka magurudumu ya mbele yakaingia majini. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka, lakini maji yalikuwa yanavingirisha mawe, hata aliyekuwa ubavuni kwangu hakunisikia. Nikavua kilemba nikampungia: rudi, rudi! Wenzangu wakadhani namhimiza mwanangu. Wakavua vyao, wazee kwa vijana, wakapunga kama desturi yetu ilivyo, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikawashika mikono kuwazuia, wakanikumbatia na kunipongeza. Dada, sijapata kuogopa namna ile. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita mtoto wangu kwenye mauti, na aliyeanza kumwita ni mimi.

Gari likasimama pale. Kisha taa zikaanza kurudi nyuma, taratibu, mpaka zikapanda ukingo. Upande wetu vilemba vikashuka kimoja kimoja, mtu mmoja akaguna. Upande wake, kama nilivyokuja kuambiwa, vijana walikuwa wanamwambia ateremke wamletee abaya ya mama yake avae. Mimi niliketi juu ya mawe nikalia mbele za watu.

Asubuhi maji yalipopungua akaja. Alinibusu kichwani, hakunitazama usoni.

"Nisamehe, Baba," akasema. "Nilikiona kilemba chako. Uliniita, na mimi nikaogopa."

Nilimshika mkono nikampeleka ghalani nikamwonyesha ile propela. Akainama akaigusa, kisha akauliza: "Kwa hiyo ningeingia..." Hakumalizia. Siku mbili hakula na mimi sahani moja, na sikumlaumu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko kimefika kwangu, Dada, nakisikia kila alasiri barazani, na namshukuru Mungu kwacho. Lakini kilichomwokoa ni woga wake mwenyewe. Ujanja wangu ungemzika.

Jana alilala chini ya gari akaifunga propela kwa mikono yake. Nilisimama kando kama mgeni. Baada ya muda akatoa mkono akaniomba nimpe spana ya kumi na nne.

Sasa ndiyo anaondoka. Waraka huu nampa yeye mwenyewe akuletee. Kati yetu na Sur kuna mawadi mengi, na tangu alfajiri mlima umefunga mawingu. Nilitaka kumzuia, nikaona sina tena haki ya kumzuia kwa hila, na kwa maneno nilikwisha kumwambia lililonibakia: kwamba naogopa. Akanijibu kwamba hata yeye anaogopa, na akawasha gari; linanguruma nje nikimalizia mistari hii.

Kama unayasoma haya, basi amefika. Weka karatasi chini, Dada, umtazame vizuri. Kisha piga simu dukani kwa Khalfan. Nimekaa hapo mlangoni na sitaondoka.

Shemeji mpe salamu zangu, watoto uwabusu wote, na Mungu akuponye goti.

Ndugu yako akupendaye,
Hilal bin Muhanna