Majani Nyuma ya Mpira

Nakivale, 10 Juni 2013

Anselme mwanangu,

Ni miye mama yako. Uzima upo, ila magoti yananisumbua. Na wewe, mgongo haujavunjika kwa kubebea matajiri mifuko yao ya gofu?

Simu yako haipatikani, basi nampa Georgette barua hii, anashuka Mbarara na maharage. Jana tulijaa kwenye kibanda cha video cha Munyakazi, tukakuona unacheza wewe mwenyewe! Namba ya kutuma salamu ikapita kwenye kioo. Nikaazima simu ya Munyakazi, nikaingia hewani. Nikasema: huyo anayeongoza ni mtoto wangu! Mmeona alivyoinama akakandamiza majani nyuma ya mpira kabla ya kupiga? Ndivyo nilivyomfundisha shambani, usafishe fasi kwanza, kisha upige jembe. Kibanda kizima kilipiga makofi.

Kikombe ni kikubwa kiasi gani?

Mama yako mwenye furaha mingi

Mbarara, 11 Juni 2013

Mama mpenzi,

Salamu katika jina la Bwana. Mwili mzima, moyo hapana.

Nilishinda, mama. Mshindi alikuwa anapewa nafasi ya kucheza gofu ya kulipwa, nami ningeacha kubeba mifuko ya watu. Nimekwisha kusaini kadi yangu ya kuhesabia mikwaju, mwamuzi ananiita: kuna mtazamaji amepiga simu televisheni, kaniona nikikandamiza majani. Ni kosa, mpira unapigwa kama ulivyolala, basi mikwaju miwili inaongezwa. Na kwa kuwa kadi imesainiwa bila hiyo miwili, natolewa kabisa.

Mkono ulikwenda wenyewe, sikatai. Lakini mwamuzi alikuwa pale pale, hakuona kitu! Tangu lini mtu aliyekaa anatafuna karanga mbele ya televisheni akawa mwamuzi? Kamera ilinifuata mimi kwa sababu naongoza. Wale wa nyuma waliopotelea vichakani bila kamera, nani alipiga simu kuwashtaki?

Mdaku huyo simjui. Mungu amfunge mdomo hadi kaburini.

Mwanao, Anselme

Mbarara, 13 Juni 2013

Mama,

Leo sikuulizi hali, unisamehe. Georgette amenipa barua yako asubuhi hii sokoni. Ile niliyomkabidhi Musoni wa pikipiki juzi, usiifungue. Ichome. Nakuomba, mama yangu.

Mwanao

Nakivale, 24 Juni 2013

Anselme,

Hujambo? Mimi sijambo, magoti ni yale yale.

Barua zako zimefika siku moja, Musoni alizilaza kwake wiki nzima. Nilianza na ile nene. Ningejuaje?

Hasira yangu si kwako. Mimi nilituma salamu, sikwenda kushtaki! Kama wanataka macho yetu, watufundishe sheria zao kwanza, na kila mchezaji wamwekee kamera yake. Na yule mwamuzi aliyesimama pale na kofia, analipwa kwa kazi gani? Wamenifanya askari bila kuniambia, nikamkamata mtoto niliyemzaa. Hata aibu hawana!

Lakini majani uliyakandamiza, mwanangu. Usifanye tena.

Georgette anasema mwezi wa tisa mnajaribu upya. Ucheze. Nitakwenda kwa Munyakazi kama siku zote, nitakaa kiti cha mbele. Wenye kushangilia watashangilia. Mimi mdomo nimekwisha kuufunga, kama ulivyoomba.

Mama yako