Faili la Dada

Jumapili, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia! Mimi mzima, ila goti linasumbua kwa kupanda ngazi za wakubwa. Mji huu hakuna mkubwa anayepata usingizi bila kufuli yangu mlangoni. Mmoja alinifuata mwenyewe, walinzi wake wakanipigia saluti.

Lile faili la maneno ya marehemu mama yako limefika kwenye simu, nikabonyeza likafunguka papo hapo. Mashine zinanijua. Nimeshawatumia watu wachache wa maana, wajue tumezika mtu wa namna gani. Wala usinishukuru.

Mjomba wako, Fundi Kufuli

Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo Mjomba. Goti likoje? Mwili wangu haujambo, moyo ndio mgonjwa.

Leo kazini mwenzangu kanipa pole, kisha akanitajia sentensi nzima: “Mwanangu, naogopa maumivu kuliko kufa.” Mama aliyaandika hayo kitandani hospitali, kwa kidole kimoja, aniambie mimi. Nilikupa wewe tu kwa kuwa mlinyonya ziwa moja. Kosa langu ni kwamba niliacha kila aliyetumiwa kiungo cha faili aweze kulifungua. Lakini Mjomba, mteja akikuachia ufunguo wake, huwa unawachongea wapita njia nakala zake?

Umempa nani?

Mpwa wako

Alhamisi, 10 Aprili

Mpwa wangu, pole, kunywa maji.

Ni kinyozi, muuza magazeti na mama wa duka la dawa, basi. Wote wamefuta mbele ya macho yangu. Kinyozi alitaka kuleta ubishi, nikamkazia jicho, wembe ukamdondoka. Wewe hesabu kwamba faili halijatoka ndani.

Mjomba wako

Jumanne, 15 Aprili

Shikamoo Mjomba. Natumaini u mzima.

Kabla ya kufuta walishawatumia wengine. Maneno ya Mama nimeyakuta yamebandikwa juu ya picha ya maua, na chini yake watu wanacheka. Faili nimelifunga, lakini nakala zilizokwisha kutoka hazinisikii. Wewe pia nimekuondoa. Sijui ulitaka nini, na sitauliza tena.

Binti wa dada yako

Ijumaa, 2 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Unakula? Simu zangu hupokei.

Nimejaribu kulifungua, linaniambia niombe ruhusa. Mimi! Basi nimeomba. Usiponipa, sitalalamika.

Ila ujue hili. Nililisoma lote, polepole, midomo ikinisaidia. Wewe umo, baba yako yumo, muuguzi wa zamu yumo, hata paka wa jirani yumo. Nikasema shule yangu fupi, huenda nimeruka mstari. Ndipo nikampa kinyozi, kisha muuza magazeti, kisha yule mama, wao wanaosoma haraka. Nikawaomba wanitafutie mahali dada aliponitaja.

Hakuna aliyepaona.

Mjomba