Siku Tulipooana Masisi Bila Kwaya

Papa Neema, mume wangu,

Siku ile mvua ilipiga mabati ya ofisi ya état civil kwa nguvu hata afisa akalazimika kutusomea sheria za ndoa kwa kelele, kama mtu anayeita wateja sokoni. Tulikuwa saba tu mle ndani: wewe na mimi, mashahidi wetu wawili, afisa, karani wake, na mama yangu. Watu wako wa Butembo walikuwa wamekutumia neno kwamba hawatakuja kuona ndoa ya karatasi, tena na mwanamke wa Walikale asiyejua hata kuwasalimia kwa Kinande. Upande wangu, baba alikuwa amekwisha kufa. Mama peke yake ndiye aliyetoka Buleusa, siku nyingi njiani, amebeba asali ya msituni ndani ya bidoni ndogo.

Hukuwa na kravati. Karani alivua ya kwake, akakufunga shingoni, akasema, «Bila cravate, Papa, hii photo itatupatisha haya.» Ilikuwa fupi, ikaishia juu ya tumbo, nawe ukasimama wima nayo kama waziri.

Afisa akatupa bendera ya nchi tuishike pamoja. Akaanza kukuuliza kama unanikubali, na hajafika hata katikati ya swali ukajibu, «Ndiyo!»

«Ngoja kwanza, Papa,» akakuambia. «Siyamaliza kuuliza.»

Mama alicheka hadi akatafuta kiti. «Huyu muntu iko na haraka,» akasema. «Mumupe tu bibi yake.»

Nasi tukacheka, hata afisa. Kisha tukakaa barazani kungoja mvua ikatike, tukala mkate na ile asali. Ulifungua livret de ménage, kile kitabu kidogo tulichopewa, ukanionyesha kurasa za kuandikia watoto.

«Kurasa zote hizi?» nikauliza.

«Tutajaribu,» ukasema, vidole vyako vinanata asali.

Tuliandika jina moja tu, la Neema.

Ile miaka ya Masisi sijui niiite nini. Duka letu la chumvi, sabuni na betri lilikuwa dogo hata mteja wa tatu alisubiri nje. Mama alihamia kwetu, nawe ukajifunza kumwamkia kila asubuhi kwa Kinyanga chake. Ulikuwa ukikosea, makusudi au bila makusudi sikujua kamwe, naye akikurudisha neno kwa neno kama mwalimu. Alikuita mutoto wangu. Mimi, mtoto aliyemzaa, alikuwa akiniita wewe.

Halafu vita ikateremka. Asubuhi ile milio ilipoanza, mama alikuwa shambani mlimani, nasi tulikuwa nyumbani. Watu walikuwa wamekwisha kujaa barabarani na magodoro vichwani. Ulimpandisha Neema mabegani, ukanivuta mkono, ukasema mama atafuata na majirani, wanajua njia. Tulitembea mpaka Sake, tukashuka kando ya ziwa, tukapita Shasha, tukafika Bweremana miguu imepasuka. Siku tatu niliuliza kila kundi lililofika. Hakuna aliyemwona.

Siku ya nne ndipo nilipokuambia maneno ambayo tangu hapo sijapata mahali pa kuyaweka. Nilisema, «Rudi umutafute mama.»

Hukubisha. Ungebisha, Papa Neema. Ungesema njia imefungwa, ungesema miguu inauma, ningekasirika siku mbili na mambo yangekwisha. Ulifunga kamba za viatu, ukamwangalia Neema aliyekuwa amelala juu ya mkeka, ukaniambia, «Upike ya watu wane.» Nikakuona unapanda barabara pamoja na watu waliokuwa wakishuka, wewe peke yako uso wako umeelekea kule walikotoka.

Jumapili iliyofuata mama alifika. Alikuwa amezunguka kwa vijia vya milimani, miguu imevimba, mkononi ana jembe lake la shambani. Nilimwona kwa mbali nikakimbia. Leo nitakuambia jambo ambalo sikumwambia yeye: kabla sijamkumbatia, nilitazama nyuma yake.

«Papa Neema iko wapi?» nikamuuliza.

«Siyamuona,» akasema. «Kwani alienda wapi?»

Hakuhitaji nimweleze mara mbili. Alikaa chini palepale, kando ya barabara. Toka siku ile alikula kama mtu anayeiba chakula, kidogo, akiangalia pembeni. Mwaka mmoja baadaye, siku za ugonjwa wake wa mwisho, aliniambia, «Ningebaki kule mimi, yeye angekuwa hapa.» Alingoja nimjibu. Mume wangu, nilijua la kujibu. Nilijua kwamba kosa halikuwa lake, mimi ndiye niliyekutuma. Nikainuka kuchochea moto, neno hilo nikabaki nalo. Mama alikufa akilingoja.

Sasa nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hapa Bweremana. Zamani niliomba kila asubuhi kabla ya kwenda kuzinunua kwa wavuvi. Siku hizi naenda tu. Nimeuliza madereva, mapadri, wanawake wanaotoka Masisi na mikungu ya ndizi. Mmoja alisema alikuona Pinga, mwingine akaapa kuwa ulizikwa na wengine, mahali asipoweza kupaonyesha. Nikaacha kuuliza. Kila walipoandika majina ya wakimbizi walitaka kujua kama mimi ni mke au mjane, mariée ao veuve, nami kila mara nilijibu, «Mariée.» Nilitamka kwa sauti, ili wasikosee.

Mwaka uliopita jirani yetu alijibu kwamba hajui mumewe alipo. Watu wakaanza kusema mtu asiyejulikana alipo yuko msituni na bunduki. Wenye mamlaka walikuja wakamchukua kwa maswali. Alirudi baada ya siku tisa, na hadi leo hazungumzi na mtu.

Wiki iliyopita walipita tena na daftari, nyumba kwa nyumba. Mwandishi alikuwa kijana mwenye adabu. Nyuma yake walisimama watu wawili ambao hawakuandika kitu.

«Bwana yako iko wapi, Mama?»

Nikafuta magamba ya samaki mikononi.

«Tuandike nini? Mariée ao veuve?»

Neema alikuwa ubavuni mwangu, ameshika beseni la samaki. Ana miaka tisa sasa, ana mwendo wako. Niliwatazama wale wawili, nikamtazama yeye.

Nikasema, «Veuve.»

Kijana aliandika bila kuinua kichwa. Wakaenda nyumba ya pili. Neema aliweka beseni chini taratibu, akaniuliza, «Mama, papa alikufa siku gani?»

Nikaliokota beseni, nikamwambia twende sokoni.

Kama bado unapumua mahali fulani, nisamehe neno lile nililowaandikisha. Kama hupumui, nisamehe kwamba siku yako ilipita nami nikauza samaki, nikapika, nikalala, bila kujua. Lala salama au tembea salama, sijui nikutakie lipi.

Ni mimi, mke wako,
Mama Neema