Atomu Mbili za Sodiamu

Bwenini, 3 Machi

Mama mdogo, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na cherehani imetengenezwa? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unanichemka.

Unamkumbuka Kibiriti, tunayekaa naye dawati moja? Muhula uliopita aliiba mchoro wangu wa atomu akampelekea mwalimu. Alipigiwa makofi. Mimi nikaambiwa nimemwigilizia! Sasa mgeni anakuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa darasa letu aende mashindano ya sayansi, na nafasi hiyo ni yangu.

Naomba vifungo vya kushonea: vyekundu ishirini na viwili, vyeupe ishirini na vinne, vyeusi ishirini na viwili. Nitatengeneza atomu mbili za sodiamu. Ya kweli ataniwekea matroni. Nyingine nitaikosea makusudi, niiache dirishani Kibiriti aibebe. Nataka aumbuke mbele ya watu wote.

Mwanao

Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo haujambo, cherehani ndiyo inanitia wazimu.

Vifungo hivyo hapo. Nimevinyofoa hadi kwenye mashati ya marehemu babu yako, kwa hiyo usiniangushe. Mtu mzima angekukataza. Mimi sikukatazi, maana waliowahi kuniibia mitindo hadi leo nikiwaona navuka barabara. Mfundishe adabu huyo.

Ila nieleze, hivyo vyeupe ni vya nini?

Mama yako mdogo

Bwenini, 29 Machi

Shikamoo mama mdogo. Natumaini nyote hamjambo. Asante mno!

Vyekundu kumi na kimoja ni protoni, zina chaji chanya. Vyeupe kumi na viwili ni nyutroni, hazina chaji. Hivyo vyote nimevibana katikati, ndicho kiini, na karibu uzito wote wa atomu uko hapo. Vyeusi ni elektroni, zina chaji hasi, ziko nje kwenye pete za waya. Nazo ni kumi na moja, zilingane na protoni. Pete ya kwanza inabeba mbili, ya pili nane, na moja inayobaki inakaa peke yake pete ya tatu.

Kwenye ile ya dirishani nimerundika tisa pete ya pili, ya tatu sikuiweka kabisa. Jana nilikuta dirisha tupu. Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Mwanao

Bwenini, 20 Aprili

Shikamoo mama mdogo. Hujaniandikia, natumaini ni kazi tu na si mgongo. Mimi siumwi, lakini sina raha.

Mgeni alikuja. Kibiriti akasimama na atomu yangu. Nikangoja kwa hamu ahesabu tisa. Akahesabu mbili, nane, moja! Alikuwa ameongeza waya na kuisogeza ile elektroni mwenyewe.

Nikaleta yangu. Zilifanana kama mapacha. Mgeni akauliza nani kamwigilizia mwenzake. Nikapayuka, "Zote ni zangu! Ile nimeikosea makusudi!"

"Umeikosea wapi?" akauliza. "Mbona iko sawa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Kisha akatuuliza kwa nini sodiamu huipoteza kirahisi elektroni yake ya mwisho. Mimi nilikuwa nimekariri hesabu tu, wiki zote hizo kichwa kilikuwa kwenye mtego. Kibiriti akajibu kwamba iko mbali na kiini, na zile za ndani zinaikinga, kwa hiyo haivutwi sana.

Amechaguliwa yeye. Tulipokuwa tunatoka akaninong'oneza, "Asante. Ile tisa ilinisumbua, ikabidi nisome usiku mzima nijue kosa liko wapi."

Mama mdogo, ameiba, na bado amejua kuliko mimi. Nimelia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Usinipe pole. Nitafutie kitabu cha kemia, kile kinene kuliko vyote. Sijamsamehe, na mwakani bado tutakaa dawati moja.

Mwanao