Habu ya Kushoto

Mpendwa baba mkwe,

Rehema amenipa karatasi na kusema, andika mwenyewe, maana jana niliporudi kutoka Mwakirunge nilikaa barazani sikusema neno mpaka chai ikapoa. Una miezi tisa kaburini. Barua hii haitakufika, hilo nalijua. Lakini nimepewa habari ambayo ulikuwa nayo muda wote ukaninyima, na sina mwingine wa kumwandikia.

Ulikuwa dereva wa landrova ya zahanati kule Kisauni, nami nilikuwa taniboi wako, msaidizi wa gari, niliyevuka feri kila asubuhi kutoka Bofu. Kazi yangu haikuwa kupakia masanduku ya dawa tu. Magurudumu ya mbele yalikuwa na habu, yaani vitovu vya gurudumu, za kufungwa kwa mkono, na siku ya kwanza ulinichutamisha kando ya gurudumu ukanionyesha.

"Kifundo hiki hapa katikati," ulisema. "Ukikizungusha huku, gurudumu limeshikana na ekseli, injini italivuta. Ukikirudisha, gurudumu liko huru, lafuata tu kama mbuzi. Kwenye lami twaliacha huru, usukani uwe mwepesi na mafuta yasiliwe bure. Kwenye tope twalifunga. Na hufungi moja, Salim. Ukifunga moja ukaacha moja, nguvu yote hukimbilia upande ulio huru ikapotea, na gari labaki na magurudumu ya nyuma peke yake."

Nilisema nimefahamu. Tangu hapo, kila tulipofika palipoharibika njia nilishuka nikazifunga, na kabla hujatia gia uliniuliza, "Zote mbili?" nami nikajibu, "Zote mbili."

Daktari, yule Mzungu, hakuzipenda habu hizo. Alikuwa amesoma mahali kuhusu za aina mpya, zinazojifunga zenyewe dereva anapotia gia ya magurudumu manne. Nakumbuka mlivyobishana uani, yeye ameegemea boneti, wewe umesimama wima na kofia yako.

"Mbwana, mtu husahau," alikuambia. "Chuma hakisahau."

"Kweli, bwana daktari. Lakini kitu kijifungacho chenyewe hujifungua chenyewe. Ukirudi nyuma kidogo ujikwamue topeni, hizo huachia. Hii ya mkono nikiifunga imefungwa, mpaka niifungue mimi."

Leo nimekwisha kuzifungua za aina zote mbili kwenye meza ya gereji, na naona kila mmoja wenu alisema kweli.

Asubuhi moja ya masika alikuja mtu kwa miguu kutoka Mwakirunge. Mkewe, Kadzo, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Tuliondoka wanne: wewe, mimi, Nesi Dorcas wa Frere Town na huyo mume. Nilikuwa nimevaa suruali mpya ya kaki. Sababu unaijua. Jioni ile ulikuwa umenialika kwako kula, na nilitaraji Rehema anione japo toka mlangoni.

Kwenda njia ilikuwa bado kavu, hatukuhitaji kufunga kitu. Tulimtoa Kadzo ndani, tukamlaza kwenye machela nyuma ya gari, Nesi akapiga magoti kando yake. Mvua ikatupata tukirudi. Bondeni, kabla ya kile kilima cha udongo mwekundu, ulisimamisha gari ukasema, "Funga."

Gari lilikuwa limeinama upande mmoja. Kulia palikuwa na nchi ngumu kidogo, nikashuka nikafunga. Kushoto gurudumu lilikuwa ndani ya mtaro na maji yalilifika nusu. Niliyatazama maji yale, nikaitazama suruali yangu. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimesahau moja kwenye mchanga, gari likapita, nawe hukujua. Nikajiambia litapita tena. Nikapanda.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Halikupita. Katikati ya kilima magurudumu ya nyuma yalianza kuchimba, gari likateleza, likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni likakaa juu ya ekseli. Ulijaribu mara mbili, kisha ukazima injini. Ulivua viatu, ukaingia mtaroni, ukazamisha mkono mpaka begani. Niliuona uso wako ulipokigusa kile kifundo. Ulinitazama mara moja tu, ukakizungusha, nikakisikia kikiingia.

Wakati huo gari lilikuwa limekwisha kuzama. Tulichimba kwa mikono na kwa sururu, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, mimi na mume wa Kadzo tukiwa topeni hadi mapajani. Ilituchukua saa mbili na zaidi. Mtoto alizaliwa humo garini kabla hatujatoka. Nilimsikia Nesi akimpigapiga mgongoni, akaacha, akampiga tena, kisha akaacha kabisa. Kadzo alipona. Mtoto hakulia.

Tulipofika nilimwuliza Nesi kama tungemwahi.

"Pengine," alisema. "Pengine hata kama tungewahi ingekuwa vile vile. Mimi si Mungu, Salim."

Daktari alitukusanya afisini. Nilisimama nyuma yako.

"Kosa ni langu," ulimwambia. "Habu moja ilikuwa wazi. Habu ni za dereva."

Nilifungua kinywa, nikakifumba. Kesho yake uliondolewa kwenye usukani ukawekwa langoni. Habu mpya zilikuja kwa meli na dereva mwingine akaja nazo. Mimi nilibaki na kazi yangu. Kila asubuhi nilipita mbele yako na "Shikamoo", nawe ukanijibu "Marahaba" bila kuipunguza, kisha ukafungua lango ili gari uliloliendesha miaka yote ile lipite na mtu mwingine.

Niliwahi kujiambia kwamba umenisamehe, maana hukunitaja. Ilikuwa njia ya kupata usingizi tu.

Baada ya miezi mitano nilileta wazee wangu kuposa. Uliwakaribisha vizuri, wakala, wakanywa kahawa. Kisha ukaniita nyuma ya nyumba, penye kisima.

"Sitakuaibisha mbele ya watu wako," ulisema. "Lakini mwanangu haolewi na mtu asiyemjua. Mwambie mwenyewe. Akikukubali, nami nimekukubali."

Nilimwambia Rehema nyumbani kwa shangazi yake, shangazi akiwa ameketi mlangoni. Alikuwa akishona kofia. Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano imesimama mkononi.

"Na daktari umemwambia?"

"Bado."

"Basi na mimi bado," alisema, akaendelea kushona.

Asubuhi nikaenda kwa daktari. Nilimweleza yote, mpaka suruali. Aliniachisha kazi siku ile ile, na sikuwa na la kudai. Alikuita ukiwa hujavua koti la langoni, akakuuliza kwa nini ulimdanganya.

"Sikukudanganya, bwana. Nilisema habu ni za dereva. Sikushuka kuigusa kabla ya kupanda kilima, na kazi yangu ilikuwa kuigusa."

Daktari akakurudishia ufunguo. Landrova sasa ilikuwa na habu za kujifunga zenyewe, hakuna wa kutumwa kushuka. Lakini Nesi Dorcas alitusimulia kwamba kila ulipotaka kuingia njia mbaya ulisimama, ukazunguka gari, ukayapapasa magurudumu yote mawili ya mbele, ndipo ukaendelea. Daktari alipokuuliza ulimwambia miguu imezoea.

Tukaoana. Nikapata kazi ya ufundi gereji ya Changamwe, na jioni za Ijumaa ulikuja kula kwetu. Tuliongea habari za springi na breki, na za wajukuu uliowataka. Jambo lile hukulitaja hata siku moja. Mimi nami sikulitaja. Ulipougua baada ya Idi niliketi kitandani pako siku kumi na moja, na kila siku nilisema kesho. Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Nilikuosha mkono ule ule uliozama mtaroni, na bado nilikuwa sijakuomba radhi kwa ulimi wangu.

Sasa bendera mpya imepandishwa na watu wanatembeleana kwa furaha. Wiki iliyopita mtu wa Mwakirunge alileta lori gereji, na katika kuongea akamtaja Kadzo kuwa jirani yake. Usiku sikulala. Jana nikaenda.

Nilimkuta anaambua kunde, mtoto wa kike wa mwaka mmoja amelala mgongoni kwake. Hakunitambua. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kama nilivyomwambia daktari. Nilipomaliza akanisogezea kigoda.

"Keti," alisema. "Yule mzee wa kofia alikuwa akija hapa. Kila masika yakianza, mara tatu. Kila mara alisema kosa ni lake."

Nilikaa kwenye kigoda, naye akaendelea.

"Mara ya pili nikamwuliza, na yule kijana uliyekuwa naye? Akasema, yule ni mwanangu, la kwake nalibeba mimi mpaka atakapokuja mwenyewe." Akamimina kunde ungoni. "Mwaka huu hakuja. Nikajua amefariki. Nikasema, huyo mwana ndiyo basi tena, haji."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, na wala hakunifukuza. Aliuliza kama nataka kuona alipozikwa mtoto, nikasema ndiyo.

Ni nyuma ya nyumba, karibu na mihogo, kijikaburi kifupi kilichozungushiwa mawe meupe ya pwani. Mawe kama hayo hayapatikani kule juu.

"Aliyaleta yeye," Kadzo alisema, "machache machache, kwenye mfuko. Akayapanga mwenyewe. Mengine yameanguka kwa mvua."

Alirudi kwenye kunde zake akaniacha. Niliyainua moja moja, baba, nikachimba kidogo chini ya kila moja ili lisimame, nikalishindilia udongo kwa mikono. Yalikuwa kumi na tisa. Nilipomaliza jua lilikuwa limeinama, na mikono yangu ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Niwie radhi.

Mkweo,
Salim