Kaka Mikkel, Mama Amekutandikia Mikeka

Kaka Mikkel,

Jana usingizini nilikuona tena. Ukungu ulikuwa umefunika mto Lualaba, nawe umesimama soko la Kasuku hapa Kindu, tai shingoni, unawaomba kura wauza samaki. Walikucheka sana. Hukujali, ukaendelea kuwapa mikono.

Binti yako ndiye aliyetupigia simu kutuambia umefariki. Mama hakuuliza ugonjwa gani. Alitandika mikeka uani, akaita majirani. Mmoja akashangaa, "Ule muzungu wa Denmark?" Mama akamjibu, "Ule njo mutoto yangu."

Nakumbuka vita. Ulikuwa kijana wa shirika la msaada, risasi zikakukuta barabarani, Mama akakuvuta ndani kwetu. Baba aliogopa; wenye bunduki wangekukuta, tungekwisha sote. Mama akasema, "Iko mutoto ya muntu. Abakie." Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, wewe chini ya kitanda unanifundisha nyimbo za kwenu kwa sauti ya chini.

Kisha ukarudi Denmark, ukaingia siasa. Ukawa diwani, ukagombea ubunge ukashindwa, ukagombea tena ukapata. Ulitueleza kwamba chama chenu cha wahafidhina kinalinda vya zamani: kanisa, malkia, desturi. Mama alifurahi, maana kwake mtu wa kulinda desturi hapotei. Kila uchaguzi wako alikuombea dua.

Ndipo ukaipigia kura sheria ile ya kuwafukuza wakimbizi. Nilikupigia simu nikakuambia wazi: hapo umekosea, kaka. Desturi gani ni ya zamani kuliko kumpokea mgeni? Ukasema, "Ni chama, dada." Ukaahidi utakuja Kindu tuongee uso kwa uso. Sasa nigombane na nani? Nina hasira nawe, na ninakulilia, yote kwa pamoja. Inaniuma.

Asubuhi ya matanga nilimwambia Mama habari ya kura. Sikutaka akulilie bila kujua. Aliketi, mkono shavuni, nikadhani atakunja mikeka. Akasema, "Mutoto akikosea, tunamufukuza ku matanga yake?" Akaendelea kulia.

Vita vya mashariki vimeanza kutuletea watu tena. Wanafika na magodoro kichwani, na mama mmoja na wanawe wanalala chumba kile kile ulichojifichia. Aliuliza amshukuru nani. Nikamtajia jina lako.

Kwa hiyo pumzika, kaka. Ninakuahidi: kila atakayekimbilia kwetu tutampokea kwa jina lako, upende usipende.

Dada yako wa Kindu,
Zaina