Mawe ya Rangi

Dada yangu mpenzi,

Nguo za shemeji nimezituma, viatu usivisubiri. Ulisema nisikufiche kitu. Kwenye kazi yetu ya kutegua mabomu, jiwe jeupe ni pita, jekundu ni mbele kuna bomu limetegwa. Mumeo hakuona jekundu, akakanyaga. Lilimkata miguu yote. Nilimbeba matumbo yakinimwagikia mikononi, naye ananitania, "Shemeji, leo mimi mwepesi." Akakata roho.

Jioni mama jirani na kambi akatuletea chai ya kutupa pole. Leo nimemrudishia sufuria, nikayaona mafiga yake: mawe matatu mekundu, yamepakwa rangi yetu ya alama. Mguu ulishanyanyuka niyapige teke.

Akauliza, "Mwanangu, chai iliwatosha?"

Nikamwambia ilitosha.

Mdogo wako